Kumnyonyesha mtoto mkubwa ukiwa na mimba nyingine

Mimba ikiingia mtoto angali ananyonya, mama wengi huambiwa wamwachishe siku hiyohiyo. Kwa mimba isiyo na tatizo na mtoto anayekula vizuri, hakuna haja hiyo. Maziwa ya mama mjamzito hayageuki sumu, na mtoto aliye tumboni hanyang'anywi chakula chake na anayenyonya, mradi mama anakula vya kutosha. Lakini hili halimhusu kila mama kwa namna moja, na kinachotofautisha zaidi ni umri wa anayenyonya. Mtoto wa miaka miwili ananyonya kwa kuliwazwa na kujaziliza chakula. Titi likikauka atalia siku chache, kisha ataendelea kukua. Mtoto wa miezi saba bado anaishi kwa maziwa. Maziwa yakipungua bila mtu kugundua, atakonda huku akinyonya kila saa. Hatari kubwa tunayoijua katika jambo hili ni hiyo, na huzungumzwa kidogo kuliko hofu ya mimba kutoka.

Jua kwanza mimba ina wiki ngapi

Mama anayenyonyesha anaweza kushika mimba kabla hedhi haijarudi, kwa sababu yai la kwanza hutoka kabla ya damu ya kwanza. Hivyo huenda huna tarehe ya kuhesabia. Omba altrasaundi mapema. Shirika la Afya Duniani linapendekeza ifanyike kabla ya wiki ya 24, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyokadiria umri wa mimba kwa usahihi zaidi. Tarehe hiyo utaihitaji mara mbili: kukisia maziwa yatapungua lini, na kujua kama tumbo linalokaza ni la wiki ya 33 au ya 38, maana hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Anza kliniki ndani ya wiki 12 za kwanza, na mwambie mkunga waziwazi kwamba unanyonyesha na mtoto ana miezi mingapi. Wapo wanaoficha kwa kuogopa kukaripiwa. Ukificha, dawa utakazoandikiwa zitachaguliwa kwa ajili ya mimba peke yake, bila kumfikiria anayenyonya. Hakikisha unapimwa wingi wa damu. Hemoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu wa damu kwa mjamzito (katika miezi ya kati kiwango ni 10.5), na mama aliyeshika mimba mapema baada ya kujifungua huenda hajarudisha akiba ya madini chuma aliyoitumia mara ya kwanza. Pima pia VVU, hata kama ulipimwa katika mimba iliyopita: maambukizi mapya wakati wa mimba au kunyonyesha ni hatari kubwa kwa watoto wote wawili. Mama anayeishi na VVU aendelee na dawa zake bila kuruka siku, na aulize wingi wa virusi upimwe lini.

Mimba zinazohitaji ruhusa ya daktari

Mtoto anapovuta chuchu, mwili wa mama hutoa oksitosini, homoni ileile inayobana mfuko wa uzazi wakati wa uchungu. Hofu ya mimba kutoka chanzo chake ni hapo. Kinachoikinga mimba ni kwamba kwa miezi mingi mfuko wa uzazi hauitikii sana homoni hiyo: vipokezi vyake, yaani sehemu zinazoipokea, bado ni vichache, na homoni nyingine, projesteroni, inautuliza. Vipokezi huongezeka kuelekea mwisho, mwili unapojiandaa kujifungua. Ndiyo maana mama huweza kuhisi tumbo likikaza kidogo mtoto akinyonya, kisha likaachia na mimba ikaendelea salama.

Kuna mimba ambazo hata kukaza kidogo hakufai kupuuzwa. Usiendelee kunyonyesha bila kuongea na daktari ikiwa uliwahi kujifungua kabla ya wiki ya 37, kama mimba zimekuwa zikiharibika, kama unabeba mapacha, kama mlango wa kizazi ni mfupi au umeshonwa, kama kondo la nyuma limeziba njia, au umetokwa na damu katika mimba hii. Vivyo hivyo ikiwa uzito wako hauongezeki. Kipimo kimoja rahisi: siku utakayoambiwa usishiriki tendo la ndoa kwa usalama wa mimba, uliza na kuhusu kunyonyesha, kwa kuwa tendo hilo nalo huamsha oksitosini.

Kwa mwenye mimba ya kawaida, tumbo likikaza wakati wa kunyonyesha, mwondoe mtoto kwenye titi, kojoa, kunywa maji, ulale ubavu. Likitulia, hakuna neno. Likiendelea kukaza mara nne au zaidi ndani ya saa moja kabla ya wiki ya 37, au ukitokwa na damu, au maji yakivuja ukeni, nenda hospitali na usimnyonyeshe tena mpaka upimwe.

Maziwa yatapungua, na si kosa lako

Kondo linapokua hutoa projesteroni na estrojeni kwa wingi, na homoni hizi huzuia utengenezaji wa maziwa. Mama wengi huona tofauti katika mwezi wa nne au wa tano wa mimba, wachache huiona mapema zaidi. Kukamua mara nyingi, ambako siku zote huongeza maziwa, hapa hakusaidii sana, maana hitilafu si mtoto kutonyonya vya kutosha bali ni homoni. Dawa na mitishamba ya kuongeza maziwa, uwatu kwa kiwango cha dawa ukiwemo, usitumie: haishindi homoni za kondo, na baadhi yake haifai kwa mjamzito.

Fanya hesabu hii mapema. Chukua umri wa mtoto mimba ilipoingia, ongeza miezi mitatu hadi minne. Huo ndio umri atakaokuwa nao maziwa yakipungua. Mimba iliyoingia mtoto akiwa na miezi 14 itampunguzia maziwa akiwa na mwaka na nusu, wakati anakula karibu kila kitu. Iliyoingia akiwa na miezi 4 itamkuta na miezi 7 au 8, ameanza chakula juzi tu. Mama huyu wa pili anahitaji mpango tangu mwezi wa kwanza.

Katika kipindi hichohicho maziwa hubadilika yakawa dang'a, maziwa mazito ya kwanza yanayoandaliwa kwa ajili ya mtoto ajaye. Chumvi huongezeka na sukari hupungua, ndiyo maana wapo watoto wanaonyonya kidogo, wakakunja uso na kuacha wenyewe. Wengine hawajali kabisa. Dang'a hulainisha choo, kwa hiyo choo cha mtoto mkubwa kinaweza kuwa chepesi kwa wiki kadhaa. Hicho si kuhara. Kuhara ni choo cha majimaji mara tatu au zaidi kwa siku, na kikiambatana na homa, damu au macho kudidimia, mpe maji ya chumvichumvi ya paketi na umpeleke kituo cha afya.

Wala usiogope kwamba mkubwa atamaliza dang'a ya mdogo. Mwili unaendelea kuitengeneza mpaka kondo litoke.

Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja

Hapa ndipo pa kukaza uangalizi. Chini ya miezi 6, maziwa ndiyo chakula chake chote. Mama aendelee kunyonyesha mara 8 au zaidi kwa siku, mtoto apimwe uzito kila wiki mbili, na mara mstari wa ukuaji kwenye kadi unapolala, aongezewe maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Usimuanzishie uji kabla ya wakati ili kuziba pengo: uji hujaza tumbo dogo na kumpa virutubisho vichache kuliko maziwa. Mimba iliyoingia mtoto hajaanza chakula inambebesha mama mzigo mkubwa pia, kwa hiyo kliniki za mama na za mtoto zote zisirukwe.

Kati ya miezi 6 na 12, mpime kila wiki mbili mpaka mimba itimize miezi sita, kisha kila mwezi. Tumia mizani ileile, nguo zikiwa zimevuliwa. Mtoto wa miezi 6 hadi 9 huongezeka takribani gramu 300 kwa mwezi. Wa miezi 9 hadi 12, gramu 200 hadi 250. Mwezi mmoja wa kuongezeka kidogo kwa sababu ya mafua si balaa. Vipimo viwili mfululizo visivyopanda ni ishara ya kuchukua hatua, hata kama mtoto anacheza.

Mizani ndiyo ya kuaminiwa kwa sababu dalili nyingine hudanganya. Mtoto anaweza kukaa kwenye titi nusu saa bila kupata kitu. Msikilize: anayepata maziwa humeza baada ya kuvuta mara moja au mbili, na kidevu hushuka na kutua kidogo kabla ya kupanda. Anayevuta harakaharaka bila kumeza anajiliwaza tu. Angalia na nepi. Zikiwa chini ya nne zilizolowa kwa saa 24, au mkojo ukiwa wa rangi iliyokolea, hapati maji ya kutosha. Mtoto aliyekuwa msumbufu akawa kimya na mwenye kusinzia sana, usidhani amezoea hali mpya. Huenda ameishiwa nguvu, mpeleke akaonwe.

Maziwa yakipungua, mnyonyeshe kwanza, kisha mpe ya kopo kwa kikombe: anza na mililita 60 hadi 90, mara mbili au tatu kwa siku, mwache aamue mwisho. Ongeza kulingana na mizani. Titi likikauka kabisa, mtoto wa umri huu huhitaji takribani mililita 400 hadi 600 kwa siku pamoja na chakula. Changanya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Kuongeza maji ili lidumu kunamnyima mtoto chakula bila wewe kuona. Kikombe ni bora kuliko chupa kwa sababu ni rahisi kusafisha, na hakimfundishi mtoto namna nyingine ya kuvuta.

Chakula nacho kipande hadhi: mara 2 hadi 3 kwa siku akiwa na miezi 6 hadi 8, mara 3 hadi 4 kuanzia miezi 9, na vitafunio katikati. Kila siku kiwepo kitu cha mnyama, yaani yai, samaki, nyama au maini, kwa ajili ya madini chuma ambayo maziwa peke yake hayampi.

Aliyevuka mwaka mmoja ni rahisi zaidi. Akila nyama, samaki au mayai mara kwa mara, mililita 200 hadi 400 za maziwa halisi yenye mafuta yake kwa siku zinatosha kuziba pengo. Asipokula hivyo, mpe 300 hadi 500. Mpime kila mwezi. Mzingo wa mkono wake wa juu ukiwa chini ya sentimita 12.5, awahishwe kliniki. Chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali, asisubiri kesho.

Chuchu zinazouma

Kwa mama wengi haya ndiyo mateso halisi, na huanza mapema, wakati mwingine kabla hata hajajua ana mimba. Maumivu haya yanaletwa na homoni, kwa hiyo hakuna mkao wala krimu itakayoyaondoa yote. Yanaweza kupunguzwa.

Kamua kwa mkono dakika moja kabla ya kumweka mtoto, ili maziwa yaanze kushuka na asivute kwa nguvu titi likiwa kavu. Anza na upande usiouma sana. Afungue mdomo wazi na kushika sehemu kubwa ya weusi wa titi. Mtoto mkubwa huzembea hapa, akaning'inia kwenye ncha ya chuchu huku akitazama kwingine. Mwondoe, mrudishe upya. Meno si tatizo akinyonya kweli, kwa sababu ulimi hufunika meno ya chini. Huuma anapoacha kumeza na kuanza kuchezea. Kwa hiyo maliza mlo mara tu kumeza kunapokoma. Ingiza kidole kidogo pembeni mwa mdomo wake kuachanisha, usimvute. Baadaye paka krimu ya lanolini au matone ya maziwa yako.

Chuchu zikiungua hata baada ya mtoto kuacha, zikapasuka, au mtoto akawa na utando mweupe mdomoni usiofutika, huenda ni maambukizi ya fangasi: muonwe, na yakithibitika mama na mtoto watibiwe pamoja.

Kuna jambo lingine ambalo akina mama hulibeba kimyakimya: mtoto akishika titi, mama anahisi karaha kali, ngozi inasisimka, anatamani kumsukuma. Halina uhusiano na upendo wako kwa mtoto. Linazidi ukiwa na njaa, umechoka au hujalala. Kula kitu kidogo kabla ya kumnyonyesha, hasa miezi ya kichefuchefu. Kwa aliyevuka mwaka na nusu, weka mipaka anayoielewa: hesabu hadi ishirini kwa sauti, kisha titi linapumzika. Siku za kwanza atalalamika, lakini ukishika neno lako ataizoea. Usiku, aliyevuka mwaka na anayekula vizuri anaweza kubembelezwa na baba au mtu mwingine wa nyumbani, naye mama apate saa tano au sita za usingizi mfululizo.

Mikao, tumbo likishakua

Lala ubavu, mto katikati ya magoti, mtoto akikutazama na miguu yake ikielekezwa mbali na tumbo. Ukikaa, mpitishe chini ya kwapa lako miguu ikiwa nyuma yako, au asimame kando ya kiti. Baada ya wiki ya 20 usikae muda mrefu umelala chali, uzito wa mfuko wa uzazi hubana mshipa mkubwa wa damu na unaweza kupata kizunguzungu. Teke dogo la mtoto halimdhuru aliye tumboni, maji ya uzazi humkinga. Pigo zito au kuanguka ni jambo la hospitali.

Chakula chako

Mimba huhitaji takribani kilokalori 340 za ziada kwa siku katika miezi mitatu ya kati, na 450 katika mitatu ya mwisho. Kumnyonyesha mtoto anayetegemea maziwa tu huhitaji kama 500 nyingine. Kwa mtoto anayekula, pungufu ya hapo. Kivitendo ni mlo mzima mmoja zaidi kila siku, na kitafunio kimoja au viwili chenye protini. Mama mwenye uzito wa kawaida anatarajiwa kuongezeka kama gramu 400 kwa wiki kuanzia mwezi wa nne. Usipoongezeka kwa wiki tatu, unakula kwa ajili ya wawili mkiwa watatu.

Vidonge vya madini chuma (miligramu 30 hadi 60) na foliki asidi (miligramu 0.4) vinywe kila siku. Usivinywe na chai, kahawa, maziwa wala kidonge cha kalsiamu. Acha pengo la saa mbili. Maji kunywa kwa kiu, na uangalie mkojo uwe wa rangi hafifu. Kujilazimisha lita nyingi hakuongezi maziwa.

Ukiamua kumwachisha

Ni uamuzi halali, na hauhitaji kuombewa radhi. Ufanye polepole: ondoa mnyonyo mmoja kila baada ya siku tatu hadi saba, ukianza na wa mchana ambao husahaulika akipewa mchezo au chakula, na ukiacha wa kulala uwe wa mwisho. Usimpe bila kuomba, wala usimkatalie kwa ukali akiomba. Titi likijaa, kamua kidogo tu hadi maumivu yapungue; usilifunge kwa kitambaa cha kubana. Likiwa jekundu na gumu, nawe una homa, uonwe siku hiyo. Kuacha ghafla ndiko huleta hali hiyo mara nyingi.

Chagua wakati. Ama umalize miezi miwili au mitatu kabla ya kujifungua, ama usubiri mpaka mchanga awe na miezi kadhaa. Ukimwachisha wiki ya mwisho, mkubwa atahisi titi lake limetwaliwa na mgeni.

Siku za kwanza baada ya kujifungua

Mchanga aanze ndani ya saa moja. Siku ya kwanza hupata takribani mililita 5 hadi 7 kwa mnyonyo, na hizo zinamtosha, lakini ndiyo sababu mkubwa asitangulie. Mpaka maziwa yajae, kwa kawaida siku ya pili hadi ya nne, kanuni ni moja: mchanga kwanza, kila mara, mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Mkubwa anyonye baada yake.

Tumbo litauma mtoto akivuta, zaidi kuliko uzazi wa kwanza, kwa kuwa mfuko wa uzazi unarudi mahali pake. Kojoa kabla ya kunyonyesha, parasetamoli inasaidia. Hakuna haja ya kugawa titi la huyu na la yule, wala kuosha chuchu kati ya mtoto na mtoto. Isipokuwa mkubwa akiwa na malengelenge mdomoni: asinyonye wala kumbusu mchanga mpaka yapone, maana kirusi chake ni hatari kwa mtoto mchanga.

Mchanga anaweza kupoteza hadi asilimia 7 hadi 10 ya uzito wake siku za mwanzo. Kufikia siku ya tano awe na nepi sita au zaidi zilizolowa kwa siku, na kufikia wiki mbili awe amerudia uzito wa kuzaliwa. Akishaurudia na anaendelea kupanda, sheria ya nani atangulie inaweza kulegezwa. Kama maziwa yanatoka kwa kasi hadi mchanga anapaliwa, mpe mkubwa dakika moja au mbili za mwanzo, kisha mweke mchanga kasi ikiwa imepungua.